Namna ya Kuwa Mwanaume Mabatini Bila Kuteguka Mguu

Karibu Mabatini ya Mwanza, kijana. Kama ulipanda daladala ya Nyakato au Igoma, ukashuka barabara ya Nyerere, ukauliza njia na ukaonyeshwa juu, hukudanganywa. Nyumba zetu zimekaa juu ya mawe, mawe yamekaa juu ya mawe mengine, na katikati kuna ngazi zilizopimwa kwa mguu wa mtu mrefu kuliko wewe. Gari haifiki. Maji hupanda kichwani, kitanda hupanda mgongoni, na jeneza hushuka mabegani mwa vijana. Bondeni unapita Mto Mirongo, ambao kiangazi utauvuka kwa hatua moja, na mvua kubwa ikinyesha wenyewe utavuka sebule yako.

Maelekezo haya ni ya kijana Mkristo anayetaka kuwa mtu mzima akiwa hapa kwetu. Mawe utayazoea. Vibaka utawajua kwa majina na wao watakujua kwa jina. Hatari ambayo wageni hawaitambui mapema ni washauri.

Mwanza ni mji wa makanisa. AIC ina makao yake makuu hapa. KKKT ina Dayosisi ya Mashariki ya Ziwa Victoria. Wakatoliki ni Jimbo Kuu tangu 1987. Waanglikana wapo, Waadventista wapo, TAG wapo, na Askofu Moses Kulola, mwanzilishi wa EAGT, aliyefariki Agosti 2013, amezikwa Bugando, si mbali na hapa. Kati ya hayo makubwa wamejibana wengine wadogo, ambao bango lao ni pana kuliko jengo. Wanatofautiana kuhusu ubatizo, kuhusu siku ya ibada, kuhusu divai na kuhusu ngoma. Wanapatana katika jambo moja tu: wote wana neno kwa vijana. Kama mawaidha yangekuwa mabati, hakuna nyumba ambayo ingevuja mtaa huu.

Anza na salamu, maana hapo ndipo wengi huumia kabla hata hawajaketi. Ukiambiwa "Tumsifu Yesu Kristo", jibu "Milele na milele, amina", na ujue uko kwa Wakatoliki. Ukiambiwa "Bwana Yesu asifiwe", jibu "Amina" kwa nguvu. Ukiitikia kwa sauti ndogo utaulizwa kama umerudi nyuma. Bibi wa Kisukuma akiwa mlangoni asubuhi, inama kidogo useme "Mwangaluka". Mchana sema "Mwadila". Kijana anayemjibu bibi "poa" amemaliza usaili na hajapata kazi. Kwa wengine wote, shikamoo inatosha, ukianzia kwa mzee wa kanisa na kumalizia kwa mke wa mchungaji, ambaye hata kama mna umri mmoja utamwita mama.

Sasa jua wewe ni nani. Sera ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inasema kijana ni mtu wa miaka 15 hadi 35. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema ukifika 18 utoto umekwisha. Hizo ni za serikali, zisikupotoshe. Kanisani kijana ni mtu ambaye hajaoa. Mwanaume wa miaka 41, ana duka la vipuri, analea watoto wawili wa marehemu dada yake, kama hana pete yuko idara ya vijana na atavaa sare ya kwaya inayombana kwapani. Wakati huohuo kijana wa miaka 22 aliyefunga ndoa Juni, ifikapo Julai anakaa na wababa na kuombwa maoni kuhusu paa la kanisa jipya. Maoni hayo hana, lakini anayatoa.

Ukishajulikana kuwa ni kijana, utapewa huduma. Huduma hiyo ni viti.

Sisemi kwa dhihaka. Ni kazi halisi na ina ufundi wake. Viti vya plastiki hubebwa kumi kumi vikiwa vimepachikana, miguu ikitazama mbele, na kwenye ngazi za Mabatini anayebeba haoni anapokanyaga. Baada ya viti kuna spika, baada ya spika kuna jenereta, baada ya jenereta kuna turubai la msiba, na msiba wenyewe una kaburi, ambalo kwenye ardhi hii huchimbwa kwa sururu na nyundo. Utalisikia tangazo: "Vijana wetu wapendwa tubaki kidogo baada ya ibada." Kidogo hicho huisha saa kumi. Utapewa soda moja. Kisha wazee wataingia kwenye kikao, wataketi kwenye vile viti ulivyovibeba, watafunga mlango na kuzungumzia, pamoja na mengine, namna vijana wa siku hizi wasivyotaka majukumu.

Usikate tamaa. Mara moja kwa mwaka utafanyiwa semina.

Semina ya vijana ina mada tano au sita zinazozunguka: Kijana na Mahusiano, Kijana na Uchumba, Kijana na Wakati, Kijana na Kusudi, Kijana na Mitandao. Mhubiri mgeni anatoka Dar es Salaam, au Nyakato ikiwa ahadi za waumini hazikutimia. Atachelewa. Atauliza nani hapa ana mchumba, na wote watatazama chini, pamoja na binti ambaye kila mtu anajua. Kisha atafungua kitabu cha Mwanzo, sura ya 39, na hapo shika daftari lako vizuri, maana utakutana na Yusufu.

Yusufu wa semina ni kijana mmoja aliyekimbia. Mke wa Potifa alimshika nguo, akaiacha nguo, akatoka mbio. Hapo ukumbi hupiga makofi, kinanda kinaingia taratibu, na mhubiri anawaita mbele wote wanaotaka kukimbia. Watu wanakimbia wakiwa wamesimama. Mimi nimekaa katika semina za namna hii kiasi cha kutosha, na katika hizo zote Yusufu ameishia mlangoni, mikono mitupu, akihema.

Lakini Yusufu wa Biblia ana kazi nyingi kuliko mbio. Sura hiyohiyo, kabla mwanamke hajatajwa, inasema Potifa alimkabidhi kijana huyo nyumba yake na mali yake yote. Alikuwa mtumwa aliyeuzwa ujanani, hana mke, na bado funguo alikuwa nazo. Akatupwa gerezani, mkuu wa gereza naye akamkabidhi wafungwa. Akiwa na miaka 30 akasimama mbele ya Farao, akawa anakusanya sehemu ya tano ya mavuno ya nchi nzima kwa miaka saba, akijenga ghala katika kila mji, mpaka nafaka ikazidi hesabu. Nguo iliyoachwa mkononi ni mistari michache. Ghala ni sura nzima na zaidi. Potifa alikuwa mpagani, wala hakuwahi kuwa mzee wa kanisa. Labda ndiyo maana alithubutu kumpa kijana daftari la mali.

Na Timotheo je? Utatajiwa barua ya kwanza, sura ya nne, mstari wa 12, ule unaosema ujana wako usidharauliwe na mtu. Utaimbishwa, utaandikiwa kwenye fulana utakayoilipia mwenyewe. Ila Paulo alimwacha Timotheo Efeso alisimamie kanisa lenye walimu wakorofi na wajane wa kuhudumiwa. Hakumwacha apange viti.

Baada ya chakula kuna kipindi cha maswali kwenye vikaratasi. Utaandika swali kuhusu mwili wako, kwa mwandiko uliougeuza ili usijulikane. Mhubiri atakikunjua kikaratasi, atakisoma kimoyomoyo, atacheka kidogo, atasema hayo ni mambo ya kina na tutayaombea. Hapa napenda nisimame, kwa sababu kuna jambo limetokea Mwanza ambalo linastahili kuandikwa katika historia ya malezi ya Kikristo, na halijaandikwa.

Wasukuma kwa asili hawana jando la kutahiri. Majirani zetu Wakurya wanalo, na kijana wa Kikurya aliyepanga chumba Mabatini hatakuficha anachokufikiria. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani na UNAIDS yalitoa pendekezo baada ya tafiti tatu kuonyesha kwamba mwanaume aliyetahiriwa hupunguza uwezekano wa kuambukizwa VVU na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Tafiti mbili kati ya hizo zilifanyika kando ya ziwa hilihili letu au karibu nalo, moja Kisumu, nyingine Rakai nchini Uganda. Tanzania ikaanzisha tohara kinga, na Mwanza ikawekwa katika mikoa ya kipaumbele. Mahema yakasimamishwa, magari ya matangazo yakazunguka, na vijana, wakiwemo wanakwaya, wakaenda kukiaga kile wanachokiita mkono wa sweta.

Basi ikawa hivi. Kijana ambaye kwa miaka mingi alikuwa amehubiriwa kuhusu mwili bila mwili kutajwa, aliketi kwenye benchi mbele ya muuguzi, mara nyingi dada wa umri wake, ambaye alimweleza kila kitu kwa jina lake. Akamwambia apime. Akamwambia kinga hii si kamili, asiende kujitapa. Akamwambia asikutane na mwanamke kwa wiki sita, na akamweleza sababu: kidonda. Kijana akatoka akitembea kwa upana, amejifunga kanga ya dada yake, na kwenye ngazi za Mabatini kila aliyemwona alijua na akampisha. Hilo ndilo lilikuwa jando la kizazi kizima cha wavulana Wakristo wa Usukuma. Mkufunzi alikuwa muuguzi, ada haikuwepo, na mchungaji hakualikwa. Jumapili iliyofuata nusu ya besi hawakuwepo kwenye kwaya na hakuna aliyeuliza.

Nasema haya kwa heshima: wiki sita zenye sababu zilishikwa na wengi kuliko miaka sita isiyo na sababu. Mafundisho ya Kanisa kuhusu usafi wa mwili hayahitaji kuonewa haya. Yanahitaji mtu mzima wa kuyasema mchana, akitazamana na kijana, bila kinanda.

Tuingie kwenye fedha, maana huko ndiko kijana wa Mabatini anakotegwa zaidi, na huko ndiko semina huwa fupi zaidi.

Utaambiwa usibeti. Ni kweli, usibeti. Mkeka utachanika, na ukishinda mara moja ni vibaya zaidi, kwa sababu utadhani umepata kazi. Lakini angalia anayekuambia usibeti halafu anakuambia upande mbegu. Mbegu ni fedha unayompa mtumishi leo ili irudi mara mia siku isiyotajwa. Anayebeti angalau anajua mechi inaanza saa ngapi. Sisemi sadaka ni kosa; fungu la kumi ni la kale kuliko Mwanza, na mnada wa baada ya ibada, pale kuku wa sadaka anaponunuliwa kwa bei ya mbuzi ili kanisa lipauliwe, ni moja ya furaha za Jumapili. Nasema kuhusu yule anayekuomba ada ya chuo ya muhula huu.

Kisha kuna pikipiki. Karibu kila kijana hapa ama anaendesha bodaboda, au ni deiwaka wa anayeendesha, au anasubiri mmoja wao augue. Mzee fulani kanisani atakuita pembeni, atakuambia Mungu amemwekea mzigo moyoni kuhusu maisha yako, ana pikipiki ya mkataba. Utapeleka hesabu kila siku, na baada ya mwaka mmoja na zaidi chombo kitakuwa chako. Sheria za kumpendeza mzee huyo ni hizi: usiombe karatasi, kwa kuwa mpendwa hamwandikishi mpendwa, usiulize kadi ya pikipiki ina jina la nani, usiulize itakuwaje chombo kikikamatwa kituo cha polisi cha Mabatini, au ukiugua, au kikiibwa Mlango Mmoja ukiwa unanunua suruali ya mtumba. Ukizifuata vizuri, mwezi wa mwisho wa mkataba kitatokea kisa, pikipiki itarudi kwa mwenyewe, na wewe utaombewa roho ya uvumilivu.

Kama hutaki kumpendeza, mwambie, "Mzee wangu, shikamoo, nashukuru sana, tukaandikishane kwa mwenyekiti wa mtaa, kila mmoja na shahidi wake." Atasema vijana wa leo hamna imani. Mwache aseme. Akikubali, umepata pikipiki, akikataa, umepona.

Mikopo ya kausha damu ikimbie kama Yusufu, hapa mbio zinafaa kabisa. Ila ujue sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Vijana huipata kupitia vikundi vilivyosajiliwa. Kanisa lina vikundi vya vijana wanaojuana, wanaokutana kila wiki, wenye mwenyekiti, katibu na mtunza hazina. Kazi ngumu imekwisha. Matangazo ya Jumapili hufika nusu saa, na hili huwa halimo, kwa sababu bado tunasomewa majina ya wasiomaliza ahadi ya vyombo vya muziki.

Kuhusu ndoa nitakuwa mfupi, kwani wengine wote watakuwa warefu. Utaulizwa "lini?" na kila mama unayemsalimia. Mabinti wana kitchen party, ambako angalau shangazi mmoja husema ukweli kabla ya zawadi kufunguliwa. Wewe utapewa kamati ya harusi. Kamati itakufungulia kundi la WhatsApp, itakuandikia bajeti ya ukumbi, keki na magari ambayo hayawezi kupanda kwenu, na itakuacha siku tatu baada ya sherehe ukiwa na deni la mpiga picha. Mahari utatajiwa kwa ng'ombe. Mabatini hakuna pa kufuga hata mbuzi mnene, kwa hiyo ng'ombe hao hawali majani, hawanywi maji na hawafi; wanaishi kwenye simu ya mjomba na kila kikao wanapanda bei. Patana kwa adabu, ulipe kidogo kidogo, usikope kwa ajili ya picha.

Umeshachoka? Kaa hapo juu ya jiwe, ziwa linaonekana vizuri jioni. Nikupe habari za zamani, si kwa sababu zamani palikuwa pazuri, bali kwa sababu baadhi ya mambo yalikuwa yamefikiriwa.

Kijiji cha Kisukuma kilikuwa na wazee wake, banamhala, na vijana walikuwa na chama chao, basumba, chini ya kiongozi waliyemchagua wenyewe, nsumba ntale. Mzee mwenye shamba kubwa hakusimama njiani akatangaza vijana wabaki kidogo. Alikwenda kwa nsumba ntale, wakapatana siku na malipo, na alipaswa kuwalisha. Vijana walilima kwa mstari, kwa ngoma na nyimbo, na mvivu alitozwa faini na wenzake, wala si na baba yake. Humo mtu alijifunza kuahidi kazi na kuimaliza, kugawa chakula bila kupunja, kusimama mbele ya wakubwa na kutaja bei bila kuvunja adabu. Ndipo ndoa ilipomkuta, alikuwa ameshazoea kubeba neno lake.

Wamisionari wengi hawakuona chochote humo isipokuwa ngoma na pombe, na si kwamba pombe haikuwepo. Wachache waliangalia mara mbili. Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Quebec, alipokaa Bujora, safari ya daladala moja ya Kisesa kutoka hapa, aliwakaribisha wachezaji ngoma kwenye viwanja vya kanisa. Sherehe ya ngoma ya Bulabo ikaunganishwa na sikukuu ya Ekaristi, na vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vikaendelea kushindana palepale, chini ya macho ya padre. Kusini kabisa, Masasi, Waanglikana walikuwa wameshakutana na swali gumu zaidi mwanzoni mwa karne ya 20: wavulana wao Wakristo walikwenda jandoni hata walipokatazwa. Vincent Lucas, ambaye mwaka 1926 alikuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi, alikubali jando libaki, likasimamiwa na wazee Wakristo wa palepale, na sala zikachukua nafasi ya matambiko. Unaweza kubishana naye kuhusu alichokiacha na alichokiondoa. Watu wamebishana naye miaka mingi. Lakini alielewa kwamba mvulana atapelekwa utu uzimani na mtu fulani, na kama Kanisa halitaki kumpeleka, lisishangae kuona nani amempeleka.

Hata Ulaya, vyama tunavyoviiga havikuanzia kwenye semina. George Williams alikuwa na miaka 22, muuza duka la nguo London, alipoanzisha YMCA na wenzake mwaka 1844. Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji aliwaanzishia vijana wa viwandani chama mwaka 1925, akiwataka wao wenyewe waone, wapime na watende. Kwao kupima kulianza na mshahara na saa za kazi. VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki wa parokia zetu, inatoka katika ukoo huo. Nenda kwenye mkutano wao ujao uulize lini mara ya mwisho walijadili mshahara wa mtu.

Sasa namna ya kumtambua mshauri anayefaa, maana wapo, na Mabatini imejaliwa kuwa nao. Kwanza hana kipaza sauti. Pili ukimuuliza amefanyaje, atakuambia na alipoharibu, na bei aliyolipa. Tatu atakupa kitu ambacho unaweza kukiharibu: ufunguo, daftari, mteja, mtoto wa kumpeleka hospitali. Anaweza kuwa fundi mwashi anayekuachia saruji yake ya siku nzima na kuondoka. Anaweza kuwa katekista anayekutuma peke yako kwa mgonjwa, na ukirudi anakuuliza ulisali nini. Mara nyingi sana atakuwa mwanamke. Mama anayechukua dagaa Mwaloni Kirumba kwa mali kauli na kulipa siku aliyoahidi amefundisha wavulana wengi uanaume kuliko kongamano la wanaume lililojaa uwanja. Kaa karibu naye. Usimrekodi, usimwandike mtandaoni, mbebee ndoo.

Na ukiombwa ubebe viti, beba. Sikukuambia uwe na kiburi. Ila ukimaliza, kabla mlango wa kikao haujafungwa, uliza kwa adabu viti hivyo ni vingapi, vilinunuliwa lini, kwa shilingi ngapi, na risiti iko wapi. Utashangaa jinsi ukumbi utakavyonyamaza.

Neno la mwisho ni kwa wazee wangu wa makanisa ya Mabatini, shikamooni. Mwezi huu chagueni kijana mmoja ambaye hajaoa, mpeni daftari la mapato na matumizi, na mumweke awe mmoja wa watia sahihi benki. Akikosea hesabu, kaeni naye kwenye hesabu, msimpeleke madhabahuni. Mwambieni mshahara wenu wa kwanza ulikuwa shilingi ngapi na mliufanyia nini, hata kama mliunywa. Na viti vya kikao hicho, naombeni mvibebe wenyewe.